Matone Niliyomsamehe Kaka Yangu

Kaka yangu anaitwa Fundi Mistari, na jina hilo hakupewa na mama. Alipewa na watu wa mtaani miaka ile angali kijana, walipomwona anapanda ngazi mbele ya ukuta mtupu na kupiga mstari wa mita nne kwa brashi, bila rula wala uzi, na mstari unatoka umenyooka hadi unaudhi. Kazi yake ni kuandika. Si vitabu, ni mabango: maduka, mageti ya shule, milango ya malori, na ile "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu waliokata tamaa. Nusu ya maandishi ya mji wetu ni ya mkono wake, na nusu nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, ni aibu.

Mimi ni mdogo wake. Baba alipofariki, kaka alikuwa darasa la saba na mimi la tatu. Hakuna aliyemwambia aache shule. Aliacha tu, akashika kopo la rangi ili mimi nishike kalamu, na tangu siku hiyo habari hiyo haisemwi nyumbani kwetu ila kila mtu anaijua. Nikasoma, nikafika nilipofika: mpiga picha wa kitengo cha macho hospitalini. Kaka ananiita Daktari. Nimemwambia mara mia kwamba mimi si daktari, ni mpiga picha, tena wa picha ambazo hakuna anayezitundika sebuleni. Hasikii. Akinipigia simu ni "Daktari wangu hajambo?", akinitambulisha kwa wateja wake ni "Huyu ndiye daktari wetu," na wateja wananionyesha vidonda vya miguu palepale barabarani.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana humo ndimo kosa langu lilimo.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Ndio unaopokea mwanga. Bila huo, jicho ni dirisha la nyumba isiyo na mtu. Mwenye ugonjwa wa sukari, sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo ya damu iliyoko kwenye retina huharibika. Inavuja, inaziba, halafu inaota mingine mibovu ambayo hupasuka kwa jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anasoma gazeti, anachambua mchele, anatunga uzi kwenye sindano, kumbe huko nyuma mambo yameshaharibika. Zamani watu wa namna hii tuliwapokea wakiwa wameshikwa mkono na watoto wao, na tulichokuwa nacho cha kuwapa ni pole. Siku hizi kila mwenye sukari anatakiwa kupigwa picha ya retina mara moja kwa mwaka, hata kama anaona mpaka mbu wa jirani. Picha inasomwa na programu ya kompyuta kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu, na yenye shaka inapelekwa kwa daktari bingwa. Ugonjwa ukikamatwa hapo, macho yanaokolewa.

Lakini picha inataka mboni iliyo wazi. Kwa hiyo kabla ya picha tunamtia mtu matone ya kupanua mboni. Matone yanachoma kidogo, yanahitaji nusu saa kufanya kazi, na baada ya hapo mtu haoni vizuri vitu vya karibu kwa saa kadhaa. Akitoka nje jua linampiga usoni. Hakuna anayeyapenda. Kwenye benchi letu matone ndiyo yanayotukanwa kuliko serikali.

Kaka ana sukari tangu akiwa na miaka thelathini na tisa. Siku yake ya picha ilikuwa Jumanne. Benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, na yeye alikuja akiwa na suruali yake ya kazi yenye rangi zote zilizowahi kuuzwa dukani. Alinichungulia mlangoni.

"Daktari, leo niokoe. Nina bango la duka la dawa, wanafungua kesho asubuhi na sijaandika hata herufi moja. Ukinitia ile dawa yako nitawaandikia kwa lugha ya malaika."

Nilipaswa kumwambia akae kwenye foleni. Nilipaswa kumwambia kwamba bango linaweza kuchelewa siku moja na duka la dawa halitakufa. Badala yake nilimwangalia, nikaona suruali yake iliyotoboka magotini, nikaona darasa la saba, na nikasema, "Ingia."

Mama mmoja aliyekuwa na namba kumi na mbili alisema kwa sauti ya kutosha, "Kumbe hapa kuna waliozaliwa, na wengine tuliokotwa." Nilimsikia. Nilijifanya natafuta faili.

Ndani nilizima taa, nikamweka kidevu kwenye kiegemeo, nikamwambia aangalie kinukta cha kijani. Watu wenye sukari ya miaka mingi mboni zao huwa finyu, na zake zilikuwa finyu kama tundu la kifungo cha shati. Nikapiga. Mashine ikaandika: Picha haifai, panua mboni, rudia. Nikapiga tena. Jicho la kulia likatoka afadhali. La kushoto lilikuwa na kivuli kilichokula karibu theluthi nzima ya upande mmoja. Mashine ikakataa tena. Chini kabisa ya kioo kuna kitufe kilichowekwa kwa ajili ya wale ambao kwa sababu za kitabibu hawawezi kutiwa dawa. Ukikibonyeza, mashine inakubali picha ilivyo, ila inakutaka uandike sababu. Nikabonyeza. Nikaandika: "Mgonjwa hawezi kutiwa dawa." Nimeandika maneno mengi maishani mwangu, lakini hilo neno "hawezi" ndilo linalonichoma mpaka leo. Aliweza. Alikuwa na haraka tu, na mimi nilikuwa na kaka.

Programu ilisoma nilichoipa, ikatoa jibu: hakuna dalili, arudi baada ya mwaka. Muda wote ulikuwa dakika nane. Kaka aliikunja ile karatasi kama cheti cha ndoa, akanipigia saluti, akapita katikati ya watu akitembea kifua mbele.

Sasa nifike kwenye miezi iliyofuata, na hapa niseme wazi kwamba najichukia.

Kama mwezi wa saba hivi alipata kazi ya bucha. Nilipita pale nikitoka kazini, nikasimama barabarani nikiangalia ukuta. BUCHA YA KISASA. Herufi za mwanzo zilikuwa sawa, za mwisho sawa, lakini za katikati zilikuwa zimebonyea, na mstari wa chini yake umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kaka alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Umeona?" aliniuliza. "Ukuta huu ulijengwa na mlevi, halafu ukapigwa plasta na shemeji yake."

Nikacheka. Mimi, ambaye ukutani mwa chumba changu cha kazi kumetundikwa karatasi ya miraba, na kila siku ya Mungu nawauliza watu wazima, "Mzee, mistari hii unaiona imenyooka au imepinda?" Maana anayeona mistari iliyonyooka imepinda, katikati ya retina yake kumejaa maji. Hilo najua kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Na nilisimama mbele ya mstari uliopinda, umechorwa na mtu anayeitwa Mistari, nikacheka utani wa mlevi na shemeji yake, nikaenda zangu kununua mkate.

Wifi yangu alikuwa na akili kuliko mimi. Alinipigia simu: "Wifi, huyu kaka yako siku hizi anasoma ujumbe kwenye simu kageuza shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Nimemwambia aje kwenu, anatoa ile karatasi yako. Ameibandika kwenye kabati. Anasema wewe mwenyewe umempima, yuko salama mpaka mwakani."

"Ni umri, wifi," nilimwambia. "Atahitaji miwani ya kusomea."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kaka yangu kilichokuwa kinamla kilikuwa kimebandikwa kwenye kabati lake, kikiwa na muhuri na sahihi yangu.

Mwezi wa tisa, asubuhi, nikiwa navaa viatu, simu ikalia.

"Daktari, kuna mtu kamwaga masizi ndani ya jicho langu la kushoto. Yanateremka. Nikigeuza kichwa nayo yanageuka."

Nilimwambia aje sasa hivi, asiiname, asinyanyue kitu chochote. Alikuja ameshikwa mkono na wifi. Siku hiyo nilimtia matone. Niliyatia kwa haraka, moja likaanguka shavuni, naye akanitania: "Daktari, jicho liko juu zaidi." Jicho la kushoto kamera haikuona kitu ila wekundu mzito. Mishipa mibovu ilikuwa imepasuka na damu imelijaza jicho.

Daktari bingwa wa retina huja kwetu Alhamisi mbili kwa mwezi. Ni mama mfupi, anavaa raba na hana muda wa kupoteza. Bahati, ile ilikuwa Alhamisi. Alimweka kaka kwenye mashine ya skani, ile inayoipasua retina kwa mwanga tabaka kwa tabaka kama mtu anayekata mkate bila kuugusa. Jicho la kulia lilionekana wazi kwenye kioo: mahali pa katikati, panapotakiwa kuwa na kibonde kidogo, palikuwa na kilima. Maji.

"Baba, mistari unaionaje?" alimuuliza.

"Kuta za mji huu zimepinda," kaka alijibu. "Nimeshalalamika."

"Kuta hazina kosa. Ni hapa." Akamwonyesha kilima. Kaka alikiangalia kwa muda mrefu bila utani wowote. Kisha bingwa akamweleza. Jicho la kulia atachomwa sindano, dawa inaingia ndani kabisa ya jicho, kukausha maji na kuzuia mishipa mibovu isiote. Mara moja kila mwezi kwa kuanzia, halafu wataangalia.

"Sindano? Ndani ya jicho? Hili hili ninalolitumia?"

"Una lingine la akiba?"

Bingwa akalegeza sauti kidogo. "Baba, nilipoanza kazi hii, mtu mwenye jicho kama lako nilimpa mkono nikamwambia ajifunze kutembea na fimbo. Leo nina dawa. Nina leza ya kuchoma sehemu zinazoleta mishipa mibovu. Na hili la kushoto tutaingia ndani tuitoe damu na makovu. Lakini la kushoto siwezi kukuahidi kitu. Limekaa muda, na retina inavutwa."

Alimwambia wifi amtoe kaka nje akapumzike. Mimi aliniambia nibaki. Akafungua kwenye kompyuta picha ya Jumanne ile.

"Nani alipiga hii?"

"Mimi."

"Umeandika hawezi kutiwa dawa. Alikuwa na nini?"

"Alikuwa na kazi."

Hakupiga kelele. Ningeomba apige. Aliweka kidole kwenye kivuli kile cheusi cha jicho la kushoto. "Hapa ndani sijui kulikuwa na nini. Wewe nawe hujui. Kompyuta nayo haijui, imesoma ulichoipa. Ila ugonjwa wa namna hii hauanzi wiki iliyopita." Akaniangalia. "Ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Anajua?"

"Hapana."

"Hilo si langu," alisema, akafunga picha na kuita mgonjwa anayefuata.

Kaka alipasuliwa jicho la kushoto kwenye hospitali kubwa. Damu ilitoka, makovu yalitoka, lakini nuru haikurudi. Anaona mkono ukipita mbele ya uso, basi. Jicho la kulia lilikubali dawa. Baada ya sindano ya pili kilima kilishuka, na baada ya ya tatu alisimama mbele ya karatasi yangu ya miraba, akasema, "Sasa huyu fundi aliyechora hii anajua kazi." Nilicheka kisha nikaenda chooni kulia, na sikulia kwa furaha.

Maana kulikuwa na jambo lingine. Kila mwezi alipokuja kwa sindano, kaka alikaa kwenye benchi na kunitangaza. "Mnamwona yule? Mdogo wangu. Bila yule leo ningekuwa nauliza njia ya chooni. Nilimpigia simu saa moja, saa tatu niko mbele ya bingwa. Somesheni watoto, jamani, somesheni!" Watu waliitikia, waligeuka kuniangalia kwa heshima, na wengine walinishika mkono nikipita. Mimi nilipita nimekumbatia mafaili kama mwizi aliyevishwa shada. Nilijiambia nitamwambia akipona. Halafu nikajiambia nitamwambia baada ya sindano ya nne, nisije nikampandisha presha. Mwoga hakosi tarehe nzuri mbele yake.

Siku ya sindano ya nne alikuja na mtu. Alikuwa mzee mwenye gereji ya jirani yake, kofia mkononi, anatabasamu kwa aibu.

"Daktari, nimekuletea rafiki yangu. Ana sukari kama mimi na ana gari la mtu linamsubiri. Mfanyie kama ulivyonifanyia mimi. Yale matone achana nayo."

"Yale matone" aliyasema kwa wepesi, kama mtu anayeomba chai isiyo na sukari.

"Kaka, umeshawaambia wengine hivyo?"

"Wengine wapi? Watatu wanne tu. Mke wa fundi cherehani, yule dereva, mwalimu wa masomo ya jioni... Si uliwapokea? Walisema walinitaja tu ukawaingiza. Wamenishukuru sana."

Niliwakumbuka mmoja mmoja. Walinong'ona mlangoni, "Nimetumwa na kaka yako," nami nikasema, "Ingia," kwa sababu nilishafanya mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo yenye mlango. Zinazofuata hupita tu. Mzee wa gereji nilimtia matone. Alilalamika, nikamwambia gari halina retina. Jioni ile nilifungua mashine na kutafuta kila mahali nilipoandika lile neno "hawezi." Walikuwa kumi na mmoja, kaka akiwemo. Ndugu, majirani, mchungaji mmoja, mtunza stoo wetu.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kitengo na orodha. Ni mwanamume mpole ambaye hukasirika kwa kuzungumza polepole. Alisoma majina yote mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hawa wote," alisema, polepole sana, "uliwapenda."

Nilisema ndiyo.

"Na wale waliokaa kwenye foleni, ambao hukuwapenda, wamepimwa vizuri."

Alinitoa kwenye kamera kwa muda, akaniweka dirisha la kuandikisha, na akasema Jumatatu wataanza kuwapigia simu hao kumi warudi, wote watiwe dawa, wapigwe picha upya. Baadaye walirudi wote. Wawili walikutwa na mishipa inayoanza kuharibika na wakawahi leza. Silisemi hilo kwa kujisifu. Ni kama mtu aliyewasha moto kusifiwa kwa kuita zimamoto.

Lakini siku ile ilikuwa Ijumaa. Jumatatu simu zingelia kwa mke wa fundi cherehani na kwa yule dereva, na wote wawili wangekimbilia kwa kaka kuuliza kulikoni. Tarehe zangu nzuri zilikuwa zimekwisha.

Jumamosi nilikwenda kwake. Wifi alikuwa ametoka. Kaka alikuwa uani, chini ya bati, amelaza ubao juu ya meza, maana ngazi bingwa alimkataza. Alikuwa anamwandikia kinyozi. Kazi ilikwenda polepole, lakini herufi zilikuwa zinakaa sawa. Kabla ya kila mchovyo alikuwa anagusa mdomo wa kopo kwa kidole cha mkono wa pili, ndipo anaingiza brashi. Jicho moja halijui umbali.

"Daktari! Kaa, ukikanyaga rangi usinililie."

Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza kuzungumza habari za watoto, na jua litazama nikiwa bado sijasema kitu. Nikapiga moyo konde.

"Kaka, ile Jumanne ya picha, mashine ilikataa. Ilikataa mara mbili. Ilisema nikutie dawa nirudie. Nikaidanganya. Nikaandika huwezi kutiwa dawa."

Aliendelea kupaka mguu wa herufi mpaka chini, akaumaliza. "Halafu?"

"Picha ya jicho la kushoto ilikuwa nusu giza. Ile karatasi niliyokupa haikuwa na maana. Nilikupa ili uwahi bango lako."

"Ungenitia matone, ungeona?"

"Labda. Inawezekana kwamba..."

"Usinipe labda."

"Ningeona," nilisema. "Nadhani ungekuwa na macho yote mawili."

Aliweka brashi pembeni ya ubao. Nje mtu alipita anapuliza mluzi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayo majibu yake yote, nimeyapanga njiani nikija. Kaka akaniita kwa jina langu, lile la nyumbani, ambalo hakuwahi kulitumia tangu nimalize chuo. Hakuniita Daktari.

"Siku ile," alisema, "nilirudi nikamwambia wifi yako, leo nimepita mbele ya watu hamsini. Sijawahi kupita mbele ya mtu yeyote maisha yangu yote. Benki nasubiri, ofisini nasubiri, hata kwa kinyozi huyu nasubiri. Siku ile mdogo wangu alisema 'ingia,' nikaingia. Nikajiambia, basi, ile shule yake sasa nimeila matunda." Alikuwa anaangalia ubao, si mimi. "Ndiyo maana niliwatuma wale wengine. Nilitaka nao waone."

Nilisema nisamehe. Nililisema vibaya, limechanganyika na kamasi. Aliuliza tu, "Mke wa fundi cherehani naye?"

"Naye. Watampigia Jumatatu."

"Asipigiwe. Nitakwenda mwenyewe kumwambia. Mimi ndiye niliyemtuma."

Kisha akanyoosha mkono kuchukua brashi. Vidole vilishuka kwenye ubao mtupu, kipande kidogo kando ya pale ilipokuwa. Akasogeza, akaikosa tena. Mimi nilikuwa karibu yake, na mkono wangu ulikwenda wenyewe, ulishaigusa.

"Acha," kaka alisema. "Leo usinisaidie."

Niliuondoa mkono. Alipapasa ubao taratibu, rangi mbichi ikampaka vidole na herufi moja ikaharibika, mpaka akaipata.